Likizo ya Juni na Kadi Iliyobaki Tabora

Mwalimu anaweza kumaliza muhula salama, darasa likafanya vizuri, mkuu wa shule akamshukuru mbele ya wenzake, kisha akaharibikiwa likizoni. Kisa ninachokisimulia hapa ni cha mwalimu mmoja wa sekondari, kijana wa Rungwe aliyepangiwa kazi mkoani Tabora. Jina lake silitaji. Wanaopita njia aliyoipita ni wengi, na wengine wataisoma habari hii wakiwa wameshaanza safari.

Mwalimu huyu hakuwa mlevi, hakucheza kamari, wala hakuwa na nyumba ndogo. Nalitanguliza hili kwa sababu tumezoea kudhani kwamba kila anayezama kwenye madeni ameponzwa na anasa. Yeye aliponzwa na heshima. Alitaka likizo ya Juni mwaka 2025 aende kwao na mke wake na watoto wao wawili, na aonekane kuwa mtu aliyesoma na elimu ikamlipa. Nauli ya likizo, ambayo mtumishi wa umma hulipiwa kila baada ya miaka miwili, haikuwa zamu yake mwaka huo. Safari ilikuwa ya mfuko wake mwenyewe.

Mfuko huo ulikuwaje? Tuseme mshahara wake ulikuwa shilingi 800,000 kwa mwezi. Kijijini kwao fedha hiyo ingesikika kuwa nyingi mno, na ndiyo maana hakuwahi kuitaja. Lakini tuufuate mshahara huo mpaka umfikie mkononi. Mfuko wa pensheni wa PSSSF unakata asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya ya NHIF inakata asilimia 3, yaani 24,000. Chama cha Walimu kinachukua asilimia 2, yaani 16,000. Bodi ya Mikopo, iliyomlipia chuo kikuu, inakata asilimia 15, yaani 120,000. Kodi ya mapato ni 68,000. Kabla hajashika hata senti, 268,000 zimeshaondoka na zimebaki 532,000. Juu ya hapo alikuwa na mkopo wa benki aliounulia kiwanja na bati, nao ulikata 230,000 kila mwezi. Kilichoingia kwenye akaunti yake kilikuwa 302,000.

Utaratibu wa serikali unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake, nao ni utaratibu wenye huruma, kwa kuwa unamlinda mtu asile mshahara wote kabla haujaja. Theluthi ya 800,000 ni karibu 267,000. Mwalimu alikuwa juu kidogo tu ya mstari huo. Benki isingemwongezea mkopo wa maana hata angepiga magoti.

Hayo yote yalikuwa kwenye hati ya mshahara, ambayo yeye mwenyewe aliisoma kwenye simu kila mwezi na kuifunga haraka. Mke wake alijua kwa juujuu. Baba yake, mama yake, baba zake wadogo na shangazi zake hawakujua lolote. Walichokijua ni walichokisikia redioni. Tarehe 1 Mei 2025, katika sherehe za Mei Mosi zilizofanyika Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kingepanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Habari njema kweli. Ila ilipofika kijijini ilikuwa imefupishwa. Kima cha chini kiliangukia njiani, Julai nayo ikasahaulika, ikabaki moja tu: mishahara ya serikali imepanda asilimia 35.

Simu zikaanza. Baba mdogo alimpongeza, kisha akamweleza habari za harusi ya binti yake iliyopangwa mwishoni mwa Juni. Shangazi alimpongeza, akasema paa la jikoni linavuja. Binamu akamtumia kadi ya mchango kwenye WhatsApp, na jina lake limeshaandikwa kwenye orodha ya kamati, mbele yake pameachwa nafasi ya kiasi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walimuomba kwa sababu waliamini anacho, na waliamini anacho kwa sababu yeye hakuwahi kuwaambia vinginevyo. Kila aliyempigia simu alijibiwa, "Nakuja, tutaongea tukionana." Kwa wasikilizaji, jibu hilo lilikuwa ni ndiyo.

Katika mtaa aliopanga kulikuwa na bwana anayekopesha. Ofisi yake ni chumba cha mbele cha nyumba, na ndani mna meza, daftari na droo yenye kufuli. Masharti yake ni mafupi. Unaacha kadi ya benki na namba ya siri, unasaini karatasi, unahesabiwa fedha papo hapo. Riba ni asilimia 30 kwa mwezi. Mikopo ya namna hii watu wanaiita kausha damu, na hawajatia chumvi.

Mwalimu alichukua 600,000. Mshahara ukitoka alitakiwa arudishe 780,000. Akishindwa, mkopeshaji anachukua riba peke yake, 180,000, na deni linabaki 600,000 zilezile kama siku ya kwanza. Bwana yule alifungua droo. Ndani mlikuwa na kadi zimefungwa kwa mpira, mafungu mafungu, na kila kadi imebandikwa kipande cha karatasi chenye tarakimu nne. Aliandika namba ya mwalimu kwenye kipande kingine, akakibandika, akaichomeka kadi kwenye fungu la juu. Mwalimu akatambua jina la mwenzake wa shule jirani. Badala ya kushtuka, moyo ukatulia. Kama fulani naye yumo, akajisemea, basi jambo lenyewe ni la kawaida.

Hapo ndipo alipopaswa kusimama. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na kwa wakopeshaji wa aina hii wasiopokea amana, Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Bwana yule alikuwa akitoza zaidi ya mara nane ya ukomo huo, na ukutani hapakuwa na leseni ya aina yoyote. Mwalimu anayefundisha hesabu za riba hakuuliza swali hata moja. Aliziweka fedha kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoka.

Wakapanda basi alfajiri, wakapita Sikonge, Rungwa na Chunya, wakalala Mbeya, na kesho yake wakateremka kwa Coaster hadi Tukuyu. Juni katika Rungwe ni mwezi wa baridi na ukungu. Migomba inatiririka maji asubuhi, moshi wa jikoni unapenya kwenye paa, na kahawa inaanza kuiva. Walipokelewa kwa vigelegele. Mwalimu alishusha mchele, sukari, vitenge vya mama na shangazi, na blanketi zito la baba. Jioni ile ile akaagiza kreti za soda kwa ajili ya wazee wa ukoo waliokuja kumwona. Kwenye kikao cha harusi alitoa 150,000, na mwenyekiti wa kamati akamwomba asimame watu wamwone. Alisimama.

Kuanzia siku hiyo akawa mgeni kwao. Kwenye kiti kizuri alikalishwa yeye, maji ya kuoga akachemshiwa, na kuku akachinjwa kwa ajili yake. Lakini mgeni hapewi kazi. Kahawa ya baba yake ilikuwa imewiva kwenye miche, na kahawa nyekundu haisubiri. Ukishaichuma unatakiwa uimenye siku hiyo hiyo, vinginevyo inachacha na kushuka daraja. Mzee alikuwa amechukua vibarua wanaolipwa kwa debe. Mwalimu alikulia katika shamba lile, na mikono yake ilijua kuchuma punje iliyowiva na kuiacha mbichi. Mke wake naye alikuwa tayari. Wiki ya kwanza aliuliza kama anaweza kwenda shambani, akaambiwa, "Mama, pumzikeni, mmetoka mbali." Hawakurudia kuuliza. Kwa hiyo wakakaa ukumbini wakitumia fedha ya kukopa, huku nje wakilipwa watu baki kwa kazi ambayo wao wangeifanya bure na kwa furaha.

Jioni moja katika juma la tatu la Juni, mzee alikuwa uani anazungusha mashine ya mkono ya kumenyea kahawa. Mjukuu wake mkubwa anamwaga maji, punje zinatoka nyeupe zenye utelezi zinaangukia kwenye beseni, maganda mekundu yanarundikana upande wa pili. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni anawatazama. Simu ikalia mlio wa ujumbe. Benki ilimjulisha kwamba 302,000 zimeingia. Kabla hajairudisha simu mfukoni, ujumbe wa pili ukafika kwamba 300,000 zimetolewa kwenye mashine ya benki, Tabora. Baada ya nusu saa mkopeshaji akamtumia 120,000 kwa simu.

"Kuna habari gani, Mwalimu?" mzee aliuliza, kwa kuwa uso wa mwanawe ulikuwa umebadilika.

"Ni mambo ya kazini tu, baba."

Akaenda kusimama kwenye migomba mpaka giza likaingia. Watu waliomwona walidhani anapunga hewa.

Fedha iliyotumwa ilikuwa nauli ya kurudi. Shule zilifunguliwa Saba Saba ilipopita, na mwalimu akarudi kazini akiwa amechoka kuliko alivyoondoka. Tumaini lake lote lilikuwa nyongeza ya Julai. Nalo tulitazame kwa karibu, kwa kuwa ni mtego unaowakamata wengi. Asilimia 35.1 ilihusu kima cha chini. Ngazi za juu yake hazikupanda kwa kiwango hicho. Tuseme yeye aliongezewa 60,000. Pensheni, bima, chama na Bodi ya Mikopo vyote hukata kwa asilimia, kwa hiyo mshahara ukipanda navyo vinapanda, na kwa pamoja vilichukua shilingi 25 katika kila 100 iliyoongezeka. Kodi nayo, kwa kuwa nyongeza ilimwingiza kwenye kundi la asilimia 25, ikachukua 23 na ushei. Katika kila shilingi 100 ya nyongeza, mkononi zilimfikia 51 na ushei tu. Ile 60,000 ikawa 30,750. Alikuwa amekopa 600,000 kwa riba ya 180,000 kwa mwezi, akitegemea nyongeza ya 30,750.

Julai mkopeshaji alichukua 180,000. Agosti 180,000. Septemba 180,000. Ukijumlisha na ile ya Juni, mwalimu alikuwa ameshalipa 720,000 kwa mkopo wa 600,000, na bado alikuwa anadaiwa 600,000. Nyumbani kwake familia ya watu wanne iliishi mwezi mzima kwa 150,000 na kidogo, pango likiwa ndani yake. Mke aligundua mwezi Agosti, alipoiomba kadi aende kutoa fedha ya chakula na mume akaishiwa maneno. Hakupiga kelele. Aliuza cherehani yake, akalipa pango. Mwalimu akaanza kukwepa kupita barabara ya dukani. Darasani alikuwa anaandika ubaoni, anasimama, anasahau alichotaka kuandika. Wanafunzi wa kidato cha nne, waliobakiza wiki chache kabla ya mtihani wa taifa, walikuwa na mwalimu mwenye mwili tu.

Mwishoni mwa Septemba mama yake alizidiwa na presha. Mzee akapiga simu. Zilihitajika 85,000 za vipimo na dawa. Mwalimu alisema atatuma kesho. Kesho ilipofika akasema mtandao unasumbua. Siku ya tatu akazima simu.

Mimi naamini hili la kuzima simu lilimuumiza kuliko deni lenyewe. Ila angalia kilichofichika chini yake. Mtumishi anayechangia NHIF ana haki ya kumwandikisha mwenza wake pamoja na wategemezi wanne, na wazazi wamo miongoni mwa wanaoruhusiwa. Mwalimu alikuwa na watoto wawili. Nafasi mbili zilikuwa wazi, sawasawa na idadi ya wazazi wake, na 24,000 za bima zilikuwa zinakatwa kila mwezi kwa miaka yote aliyokuwa kazini. Kilichohitajika ni cheti chake cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi, picha zao na vitambulisho, na siku moja ya kukaa nao wakajaza fomu. Likizo nzima ya Juni alikuwa nao. Fomu hazikujazwa kwa sababu mazungumzo ya bima yangegusa mazungumzo ya makato, na makato yangeugusa mshahara. Aliufunga mlango mmoja, na nyuma yake ikafungwa yote.

Mzee alipoona simu haipatikani siku ya tano, alidhani mwanawe amekufa au amefungwa. Akamwacha mkewe chini ya uangalizi wa shangazi, akapanda gari hadi Mbeya, kisha basi la Tabora. Alifika saa mbili usiku na mfuko wa ndizi begani. Aliwakuta wajukuu wanakunywa uji usio na sukari, na mwanawe amekaa gizani kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika tangu jana na hapakuwa na fedha ya luku.

Hakuuliza lolote usiku huo. Asubuhi alimwita mke wa mwanawe kwa upole, "Mama, hebu niambie wewe." Akaambiwa. Kisha akamtaka mwalimu aende kuchapisha hati ya mshahara kwenye steshenari.

Mzee huyu alikuwa mweka hazina wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa kwa miaka mingi. Aliiweka karatasi mezani, akaifuata kwa kidole mstari baada ya mstari. "Hii ni ya nini?" "Ya pensheni, baba." "Na hii?" "Mkopo wa chuo." "Na hii?" "Bima." Alipofika chini kabisa, penye kiasi kinachobaki, kidole kikatulia hapo kwa muda.

"Mwanangu," alisema, "kahawa yangu nayo iko hivi hivi. Bei inatangazwa redioni, watu wanapiga makofi. Ikifika kwangu imeshakatwa ushuru wa halmashauri, imekatwa gharama za chama, imekatwa deni la mbolea. Miaka yote nimewasomea wakulima wenzangu makaratasi kama haya, wengine wakilia. Hakuna mtu chini ya jua ambaye ungemwonyesha karatasi hii akakuelewa kuliko mimi. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa, baba. Niliona mtasema elimu yenu haikuwa na faida."

"Tulikusomesha uwe mwalimu. Umekuwa mwalimu. Deni letu ulishalilipa. Hili jingine umejikopesha mwenyewe ili utulipe kitu ambacho hatukukudai."

Mzee alipiga simu nyumbani, ng'ombe mtamba akauzwa. Fedha ilipofika, baba na mwana walimchukua mwenyekiti wa mtaa wakaenda naye kwa mkopeshaji. Bwana yule alianza kwa maneno makali. Mwenyekiti alipotaka kuiona leseni yake, sauti ikashuka. Akapokea 600,000, akairudisha kadi. Saa hiyo hiyo wakaenda benki kadi ile ikafutwa, ikatolewa nyingine yenye namba ya siri mpya.

Msomaji asidhani kisa kimeishia vizuri. Mtamba yule alikuwa ametengwa kwa ajili ya ada ya mdogo wa mwalimu, binti wa mwisho, aliyepata nafasi chuo cha uuguzi. Mwezi wa Oktoba wenzake walipoingia chuoni, yeye alibaki nyumbani anamwangalia mama. Mama alipata nafuu, ila daktari alisema angefika wiki tatu mapema asingefika katika hali ile. Cherehani haikurudi. Na mke wa mwalimu, ambaye ni mwanamke mwema, sasa anataka kuuona ujumbe wa benki kila mwezi kwa macho yake. Hayo ndiyo malipo ya wiki nne za kuonekana.

Sasa funzo.

La kwanza ni la mwalimu, na ni zito kuliko mengine. Waambie watu wa kwenu unachopata. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mficha mshahara hapumziki. Tumefundishwa kwamba mshahara ni siri, na kwa mtu baki ni siri kweli. Lakini mzazi aliyeuza kahawa, pamba au korosho ili usome si mtu baki, na makato anayajua tangu hujazaliwa. Mke au mume unayelala naye nyumba moja si mtu baki. Ukiwaficha, redio itawaambia kwa niaba yako, na redio haiijui hati yako. Kila ombi linalokuumiza limejengwa juu ya ukimya wako, na ukimya huo ni wewe tu unayeweza kuuvunja.

La pili, kadi ya benki na namba ya siri havitoki mikononi mwako. Anayekutaka umwachie kadi hakukopeshi, anakuajiri umfanyie kazi bila ujira. Kabla ya kukopa popote, omba kuona leseni ya Benki Kuu, uliza riba ni asilimia ngapi kwa mwezi, kisha fanya hesabu ile ile unayowafundisha wanafunzi wako. Kama benki imekataa kukuongezea kwa sababu ya theluthi moja, lichukue katazo hilo kama ushauri wa rafiki. Kama umeshaingia, usikope kwa wa pili ili umlipe wa kwanza. Mweleze mwenza wako leo, muende pamoja kwenye chama chenu cha akiba na mikopo au kwa mzee mnayemwamini. Deni linalojulikana na watu watatu huwa na njia ya kutokea. Linalojulikana na mmoja hula usingizi wake mpaka ajira yake.

La tatu, usiitumie nyongeza ambayo haijaingia. Subiri uione kwenye akaunti miezi miwili mfululizo. Ukishajua kiasi halisi, ndipo uipangie kazi.

La nne, nenda likizo na mikono. Mwaka wa shule Tanzania unakupa mapumziko mawili marefu, Juni na Desemba, na yote mawili yanaangukia kipindi ambacho nyumbani kuna kazi, iwe mavuno au kupanda. Mwalimu na mwenza wake wakichuma kahawa wiki tatu wameokoa fedha ya vibarua, wamekaa na wazazi shambani saa nzima nzima wakizungumza, na watoto wao wamejua chakula kinatoka wapi. Mwili unaochoka kwa jembe hulala, na akili iliyokaa miezi mitano kwenye chaki na madaftari hupumzika kwa kubadilisha kazi. Zaidi ya hapo, tumia siku moja ya likizo kuwaandikisha wazazi kwenye bima yako kama nafasi zipo. Hakuna kitenge wala blanketi linaloufikia msaada huo.

La mwisho ni lenu mnaobaki nyumbani. Mtoto wenu akishuka kwenye gari, msimpe kwanza orodha ya michango. Muulizeni kazi inakwendaje, anaishi wapi, anabaki na shilingi ngapi. Kamati za harusi zisiandike jina la mtu na kiasi kabla hajaulizwa. Mwalimu akisema hana, aaminiwe na asisemwe, kwa kuwa aliye na ujasiri wa kusema sina leo ndiye atakayekuwepo na simu yake ikiwa wazi siku mama atakapozidiwa.

Na wewe mwalimu unayehesabu siku za kufunga shule, chapisha hati yako ya mshahara, ikunje, itie kwenye begi kabla hujanunua hata kilo moja ya sukari. Ukifika, jioni ya kwanza, wasomee wazazi wako mstari kwa mstari mpaka mwisho. Wakishamaliza kuuliza maswali yao, nawe uliza kesho shambani mnaamka saa ngapi.